Hitilafu Zina Umri: Historia Fupi ya Mashine ya Kukatakata, Thika na Ruiru

Safari hii tunaweka kando programu na seva, tunaenda nyuma ya nyumba, pale inapokaa ile mashine ya kukatakata majani. Wenye ng'ombe wanaijua vizuri. Wasio na ng'ombe nao siku hizi wanainunua, au wanaazima ya jirani, ili wakatekate matawi waliyopogoa na kupata matandazo ya kuweka kwenye sukuma wiki na miparachichi.

Ukitembea asubuhi sehemu za Ruiru ambazo magorofa bado hayajazimaliza, kwa mfano kuelekea Mugutha au Gatongora, au ukivuka Thika uende Gatuanyaga, utaisikia tu. Kwanza mlio wa mota, halafu "krrrr" tawi linapoingia. Ukisubiri kidogo, mara nyingi utasikia kimya cha ghafla na mtu akilalamika. Imekwama tena.

Sasa, kwa nini mashine hizi zinakwama, zinatetemeka, zinaunguza mota, na siku mbaya zinakata vidole? Jibu la haraka ni kwamba visu ni butu au mshipi umelegea. Ni kweli, lakini halitoshi. Mimi nilisomea sayansi ya kompyuta, na riziki yangu ni kurekebisha programu zilizoandikwa na watu walioacha kazi zamani. Kazi hiyo inakufundisha jambo moja: kabla hujagusa chochote, soma kumbukumbu za mabadiliko. Sehemu hii iliongezwa lini? Aliyeiongeza alikuwa anatatua tatizo gani? Mara nyingi utakuta kila sehemu peke yake iko sawa kabisa. Hitilafu inakaa kwenye kiungo, pale sehemu ya juzi inapokutana na sehemu ya zamani ambayo haikutarajia kukutana nayo.

Mashine yetu ni hivyo hivyo. Imeandikwa upya mara nyingi, na watu wa nchi mbalimbali, kwa zaidi ya miaka 200. Hebu tusome kumbukumbu zake kuanzia mwanzo, kisha tutazifungua hitilafu moja moja.

Ilianza na farasi

Kwanza ujue kwamba hii mashine haikubuniwa kwa ajili ya matawi. Ilibuniwa kwa ajili ya mabua na nyasi kavu, Uingereza, mwishoni mwa karne ya 18. Wakati huo farasi ndio waliovuta karibu kila kitu, na farasi wanakula. Mabua yalikatwa ndani ya sanduku kwa kisu kirefu cha mkono. Watu wakatafuta njia ya haraka zaidi. Mwaka 1797 Society of Arts ya London ilimpa zawadi Robert Salmon wa Woburn kwa mashine yake ya kukata mabua. Katika miaka hiyo ndipo wazo kubwa lilipokomaa: visu vifungwe kwenye gurudumu, na gurudumu likizunguka kila kisu kipite mbele ya mdomo wa sanduku.

Ukifungua mashine yoyote ya kukatakata majani pale Thika leo, utaona wazo lile lile. Kuna gurudumu zito lenye visu. Kuna bamba la chuma lisilotembea kwenye mdomo, ambalo mafundi wengine huliita kisu cha chini. Na kwenye mashine nyingi kuna roli zenye meno zinazovuta majani ndani.

Mambo mawili uyashike hapa, tutayahitaji baadaye. La kwanza, mashine hii ni mkasi. Haikati kwa nguvu tu. Inakata kwa sababu chuma kinachotembea kinapita karibu sana na chuma kilichotulia. Fundi cherehani atakwambia kwamba mkasi uliolegea kwenye msumari wake hutafuna kitambaa hata kama umenolewa jana. La pili, gurudumu lilikuwa zito kwa makusudi, ili lihifadhi nguvu za mtu aliyelizungusha kwa mkono. Lilizunguka polepole, mwendo wa mkono wa binadamu.

Kahawa ilileta nyasi, na ikaleta miti

Sasa tuje kwetu. Reli kutoka Nairobi ilifika Thika mwaka 1913. Eneo lote kati ya Ruiru na Thika likageuka mashamba makubwa ya walowezi, kahawa na katani, huku Waafrika wa maeneo haya wakizuiwa kulima kahawa kwa miaka mingi. Miaka ya 1940 serikali ya kikoloni iliweka kituo cha utafiti wa kahawa hapa Ruiru. Kituo hicho ndicho kilichotoa aina ya Ruiru 11 mwaka 1985 na Batian mwaka 2010, na baadaye kikawekwa chini ya shirika la utafiti wa kilimo na mifugo, KALRO.

Kahawa inahusiana nini na mashine? Inahusiana sana. Mkahawa unapenda udongo uliofunikwa, hasa miezi ya jua. Kwa hiyo mashamba yalihitaji matandazo mengi, na nyasi iliyochaguliwa ikawa ile ndefu tunayoiita Napier. Nyasi yenyewe ni ya Afrika, ila jina limetokana na Kanali Napier wa Bulawayo aliyeihimiza mwanzoni mwa karne ya 20. Wengi wetu tumekua tukidhani Napier ni chakula cha ng'ombe tangu kuumbwa kwa dunia. Hapa kwetu ilianza kama blanketi la kahawa.

Na mkahawa unapenda kivuli kidogo pia. Ndiyo sababu tuna mubariti kila mahali, ule mti uliotoka Australia na kupandwa kwenye mashamba ya kahawa na chai kama kivuli. Baadaye ukahamia kwenye mipaka ya mashamba madogo, ukawa kuni, mbao na uzio.

Kwa hiyo nyasi na matawi yanayoingia kwenye mashine leo, vyote viwili vilifika hapa vikiifuata kahawa. Lakini vilifika kwa kazi tofauti, na hakuna aliyepanga kwamba siku moja vitapita kwenye mdomo mmoja.

Ng'ombe akafungwa bandani

Mwaka 1954, katikati ya hali ya hatari na vita vya Mau Mau, serikali ya kikoloni ilitoa mpango wa Swynnerton, uliobeba jina la afisa wa kilimo Roger Swynnerton. Lengo lake la kisiasa lilikuwa wazi: kujenga tabaka la wakulima Waafrika wenye hati za ardhi ambao wangekuwa na sababu ya kutulia. Vipande vya ardhi vikaunganishwa, wakulima wadogo wakaruhusiwa kulima kahawa kwa wingi, na ng'ombe wa gredi wakaanza kuingia bomani mwa watu wa kawaida.

Uhuru ukaja, watoto wakazaliwa, mashamba yakagawanywa. Ekari tano za babu zikawa ekari moja ya mjukuu. Huwezi kumchunga ng'ombe wa gredi kwenye ekari moja yenye kahawa na mahindi. Mwaka 1980 mradi wa kitaifa wa maziwa, ulioungwa mkono na serikali ya Uholanzi, ukaanza kusambaza ufugaji wa bandani: ng'ombe anakaa, chakula kinamfuata. Napier ikatoka chini ya mikahawa ikaenda horini.

Hapo hesabu ikabadilika. Ng'ombe mmoja wa maziwa anahitaji karibu kilo 70 za Napier mbichi kwa siku. Ikiwekwa nzima, anachagua majani laini na kuacha mashina. Lazima ikatwe vipande vifupi. Kwa miaka mingi kazi hiyo ilifanywa kwa panga juu ya gogo, na waliofanya walikuwa akina mama na watoto, kabla ya shule na baada ya shule. Nyanya yangu bado anasema kwamba mashine haikununuliwa kwa sababu ya ng'ombe, ilinunuliwa kwa sababu ya mabega yake. Ukiona gogo kuukuu lenye alama nyingi za panga nyuma ya boma, hilo ndilo toleo lililotangulia mashine.

Nguvu: kutoka mkono hadi mota

Gurudumu la mkono lilitosha farasi wachache. Kwa ng'ombe watatu au wanne, mtu anachoka. Injini iliyokuwa inajulikana vijijini ni ile ya posho mili. Wengi wenu mnaukumbuka ule mlio wa taratibu, "tuk, tuk, tuk", unaosikika hadi bonde la pili. Nyingi zilikuwa za aina ya Lister, injini ya dizeli iliyoanza kutengenezwa Dursley, Uingereza, mwaka 1929, kisha ikaigwa kwa wingi Rajkot, India. Uzuri wake ulikuwa mwendo mdogo, takribani mizunguko 650 kwa dakika. Unaunganisha mshipi, unachagua puli, na mashine iliyobuniwa kwa mkono haishtuki sana.

Umeme ulikuwa karibu na mbali kwa wakati mmoja. Kampuni ya East African Power and Lighting iliundwa mwaka 1922, na kituo kidogo cha Ndula kwenye mto Thika kilianza kuzalisha umeme mwaka 1925. Lakini nyaya zilipita juu ya vichwa vya watu kwenda mijini na viwandani. Mpango wa umeme vijijini ulianza mwaka 1973, shirika maalumu la kazi hiyo likaja miaka ya 2000, na kampeni ya kuunganisha nyumba za mwisho ikaanza mwaka 2015. Nyumba nyingi zilipopata umeme zilipata fezi moja ya volti 240. Mota kubwa za viwandani ni za fezi tatu. Kumbuka tofauti hiyo.

Aliyeziunganisha zote: fundi

Nani alichukua gurudumu la Uingereza, puli ya posho mili na mota ya kiwandani akazifunga kwenye fremu moja? Hakuna jina moja la kuandika kwenye kitabu. Kuna mnyororo.

Mnyororo unaanzia kwenye karakana za Wahindi waliobaki baada ya ujenzi wa reli ya 1896 hadi 1901, na wengine waliowafuata. Vijana Waafrika waliajiriwa kama wasaidizi, wakaangalia, wakajifunza, wakaondoka kufungua vibanda vyao. Profesa Kenneth King alilifuatilia jambo hili tangu miaka ya 1970 katika kitabu chake cha 1977, The African Artisan, na tena mwaka 1996 katika Jua Kali Kenya. Ripoti ya Shirika la Kazi Duniani kuhusu Kenya ya mwaka 1972 nayo iliwaambia wakubwa kitu ambacho kila mteja alikijua: watu hawa wa vibandani ni wazalishaji kamili. Polytechnic za vijiji, zilizoanza miaka ya 1960 kwa msukumo wa baraza la makanisa, zikaongeza vijana wanaojua kuchomelea. Pale Juja chuo kilichokuja kuwa JKUAT kilipokea wanafunzi wa kwanza mwaka 1981 kwa msaada wa Japani, na uhandisi wa kilimo ulikuwa miongoni mwa masomo yake ya mwanzo. Mwaka 1992 serikali ikatoa waraka rasmi wa kuendeleza biashara ndogo na jua kali.

Thika ilikuwa na kitu kingine: viwanda. Mji wenye kiwanda cha nanasi, viwanda vya nguo na kiwanda cha kuunda magari, kilichoanza kwa jina la Leyland Kenya miaka ya 1970, ni mji wenye vyuma chakavu na watu wanaojua kuvisoma. Springi ya lori ikawa kisu. Beringi ya gari ikabeba shafti. Chuma cha pembe kikawa fremu. Kwa wale wanaofuatilia programu huria, hii ni ile ile: unaruhusiwa kufungua, kusoma, kunakili, kubadilisha na kumpa jirani. Tofauti ni kwamba hakuna mtu aliyeandika mabadiliko mahali popote. Yako kichwani mwa fundi.

Nyasi zikawa matawi

Mwezi Julai 1989 mfumo wa kimataifa wa mgao wa kahawa ulisambaratika na bei zikaanguka. Sheria ya kahawa ya wakati huo ilimkataza mkulima kung'oa mikahawa bila kibali, kwa hiyo wengi waliiacha tu ikaota vichaka. Sheria zikalegezwa baadaye, barabara kuu ya Thika ikakamilika mwaka 2012, na ardhi ikapata mnunuzi mwingine. Mji wa Tatu City, uliotangazwa mwaka 2010, uko juu ya ardhi iliyokuwa shamba la kahawa. Sensa ya 2009 ilihesabu takribani watu 239,000 mjini Ruiru, ile ya 2019 ikahesabu takribani 490,000.

Kwenye ploti ya futi 50 kwa 100 hakuna nafasi ya Napier. Kuna miparachichi miwili, mubariti mmoja kwenye kona, ua, na bustani ya mboga. Ng'ombe wameuzwa, mashine imebaki. Basi mtu anafikiri: kama inakata mashina ya Napier, itashindwaje na matawi? Anaingiza mubariti mkavu, unene wa kifundo cha mkono, kwenye visu vilivyonolewa kwa ajili ya nyasi.

Wengine wananunua mashine halisi ya kukatakata matawi, yenye injini ya petroli, nyingi zikiwa nakala za mfululizo wa GX ambao Honda waliuanzisha mwaka 1983. Hizo zina gurudumu na visu vile vile, ila visu ni vinene na mwendo ni mkubwa zaidi, na faneli yake ni ndefu kuliko mkono wa mtu, kwa sababu tutakayoiona.

Fundi wa Thika aliyefungua mashine ya nyumbani kwetu aliizunguka mara mbili kabla ya kugusa spana. Akasema haijaharibika, imelishwa chakula kisicho chake. Nafikiri alieleza historia yote hiyo kwa sentensi moja.

Kusaka hitilafu kwa kufuata umri wake

Haya, sasa tuifungue. Kabla ya yote, chomoa plagi ukutani. Kama ni ya petroli, toa waya wa plagi ya cheche. Subiri gurudumu lisimame kabisa, na lizuie kwa kipande cha mbao, maana ni zito na linaweza kujizungusha lenyewe.

1. Inatafuna badala ya kukata. Hii ndiyo hitilafu ya zamani kuliko zote, ya mkasi. Kama nyasi zinatoka kama kamba, au matawi yanatoka kama nyuzi na vumbi, angalia makali kwanza, kisha nafasi kati ya kisu na bamba la chini. Kwa nyasi, nafasi iwe karibu unene wa karatasi ngumu, kisu kipite bila kugusa. Kwa mashine ya matawi huwa kubwa kidogo, fuata kijitabu chake. Na bamba la chini nalo huisha. Watu wananoa visu miaka mitatu mfululizo bila kuligeuza lile bamba lililochakaa na kuwa mviringo. Ni nusu ya mkasi!

2. Kisu kinapoteza makali baada ya siku mbili. Hii ni hitilafu ya springi ya lori. Chuma ni kizuri, lakini kikipashwa moto sana kwenye grainda kinageuka rangi ya samawati pembeni, na hapo ugumu umeondoka. Noa kidogo kidogo, chovya majini mara kwa mara, malizia na tupa au jiwe. Fuata pembe ile ile iliyokuwepo. Kisu chembamba cha nyasi kikikutana na fundo la mubariti kinavunjika meno.

3. Inatetemeka. Hapa mwendo wa mkono umekutana na mwendo wa mota. Visu viwili lazima viwe na uzito sawa, kwa hiyo unavinoa pamoja na kuvipima kwenye mizani. Fanya hesabu na mimi. Kisu kimoja kimezidi mwenzake kwa gramu 10, kiko sentimita 20 kutoka katikati. Kwa mizunguko 480 kwa dakika, tofauti hiyo inavuta shafti kwa nguvu kama ya uzito wa nusu kilo. Husikii kitu. Kwa mizunguko 2,800, gramu zile zile zinavuta kama kilo 17, na upande unabadilika kila mzunguko. Beringi inakufa, bolti zinalegea, na bolti ya kisu ikilegea hiyo si hitilafu tena, ni risasi.

4. Ina kasi ya ajabu tangu ibadilishwe mota. Hii ndiyo ninayoiogopa zaidi, kwa sababu mwenye mashine hufurahi. Kanuni ni rahisi: mwendo wa mota mara kipenyo cha puli yake ni sawa na mwendo wa mashine mara kipenyo cha puli yake. Mota ya mizunguko 1,440 yenye puli ya inchi 4, na puli ya inchi 12 kwenye mashine, inatoa 480. Mota ikiungua na ukafunga nyingine ya 2,880 uliyoipata kwa bei nafuu, puli zile zile, unapata 960. Mwendo umeongezeka mara mbili, lakini nguvu iliyohifadhiwa kwenye gurudumu imeongezeka mara nne. Gurudumu la kuchomelewa halikuahidi kubeba hiyo. Soma kibao cha mota kabla ya kulipa.

5. Mota inanguruma bila kuzunguka. Hii ni hitilafu ya fezi moja. Mota ya fezi moja haiwezi kuanza yenyewe bila msaada, na msaada mara nyingi ni kapasita, lile kopo dogo pembeni. Kapasita ikifa, mota inanguruma na kuchemka. Izime mara moja, usiisaidie kwa kusukuma gurudumu kwa mkono. Kama kapasita ni nzima, angalia waya. Mota ya mashine hii inavuta umeme mwingi sana inapoanza, na ukiilisha kupitia waya mwembamba wa mita 30 kutoka sebuleni, volti zinaanguka njiani. Jaribu pia asubuhi badala ya jioni, wakati majirani wote hawajawasha vifaa. Na jihadhari: kapasita inaweza kubaki na chaji hata baada ya kuchomoa plagi. Mwachie fundi wa umeme.

6. Mshipi unalia au unanuka. Kama unateleza unapoanza tu, ukaze kidogo, uwe unabonyea kiasi ukiusukuma kwa kidole gumba. Ukiukaza kama uzi wa gitaa unaua beringi. Lakini kama unateleza kila tawi nene linapoingia, mshipi unakwambia ukweli: tawi ni nene kupita kiasi. Usiunyamazishe.

7. Injini ya petroli haiwaki. Mashine ya matawi hutumika wiki mbili baada ya kupogoa, kisha inakaa miezi minne. Petroli iliyolala inaacha utando kwenye kabureta. Mwaga petroli kabla ya kuihifadhi, na safisha chujio la hewa, maana vumbi jekundu la huku halina huruma.

Kuhusu vidole

Mashine ya mkono ilikuwa na ulinzi ambao hakuna aliyeubuni: ukiacha kuzungusha, inasimama baada ya muda mfupi. Ilipopata mota, ulinzi huo ulitoweka na hakuna aliyeuandika mahali. Roli za kuvuta majani ndizo zinazokamata watu kuliko visu. Zinavuta mkono wa shati kama zinavyovuta shina, na swichi mara nyingi iko ukutani, mita tatu kutoka kwa aliyeshikwa.

Kwa hiyo faneli ndefu kwenye mashine za matawi haipo kwa urembo. Ipo ili mkono usifike. Wapo wanaoikata ili wajaze haraka, sawa na yule mtunga programu anayefuta ukaguzi wa usalama kwa sababu unachelewesha. Kwenye mashine ya zamani isiyo na faneli, muombe fundi achomelee bati refu mdomoni, aweke kifuniko juu ya mshipi, na asogeze swichi mahali unapoweza kuifikia kwa mkono mwingine au kwa goti. Kwa nyumba zenye watoto, hiyo ndiyo kazi ya kwanza. Makali ya visu yanaweza kungoja hadi Jumamosi ijayo.

Andika kumbukumbu

Mafundi waliounganisha zama hizi zote wanazeeka, na vibanda vyao viko kwenye ploti ambazo zinanunuliwa. Kibanda kikiondoka, mashine zinabaki nyuma ya nyumba bila mtu anayejua kwa nini puli ni ya inchi 12 na si 8. Mjukuu atafunga mota mpya, ataona inakwenda kasi, na atafurahi.

Dawa yake haihitaji kompyuta. Chukua rangi nyeupe na brashi ndogo, na uandike kwenye kifuniko cha mashine yako: mwendo wa mota, vipenyo vya puli zote mbili, mwezi na mwaka beringi ilipobadilishwa, uzito wa kila kisu, na unene wa tawi kubwa linaloruhusiwa. Kama fundi yupo, muulize amebadilisha nini na kwa nini, na uandike hilo pia. Mistari sita tu. Ukiiuza, kumbukumbu zinaenda nayo.

Kazi njema, na mikono yenu ibaki nje ya mdomo wa mashine.